Ngamia Asiye na Chapa

Kwanza tulisikia mti ukigonga mti. Ko, ko, kisha kimya, kisha ko tena: sauti nzito ya kengele ya ngamia iliyochongwa kwa mkono, ikija polepole upande wa pili wa mlango wa chuma. Bibi harusi aliyekuwa ameketi mbele ya kamera, kidevu juu, mkono mmoja wenye hina juu ya mwenzake, aliuliza bila kusogeza midomo kama anaweza kupumzika kutabasamu. Dada yangu akamwambia hapana. Katika studio ya dada yangu tabasamu huwekwa kama sufuria jikoni, haliteremshwi mpaka liive.

"Hiyo ni kengele ya ngamia," nikasema.

"Ngamia afuate nini mtaani Waberi?" akauliza dada, jicho moja kwenye kamera. "Labda ni mwenye maziwa."

"Wenye maziwa huja na pikipiki."

Kengele ikasimama mlangoni. Mlango ukagongwa, na sauti tuliyoijua tangu utotoni ikatoa salamu yote mpaka mwisho, ikauliza kama ndani kuna wanawake wa watu, ikaomba kama wapo wajifunike, na kama wameshajifunika basi atoke mmoja wetu amshikie kamba.

"Ni abti," dada akasema, na hapo bibi harusi akaruhusiwa kupumua.

Abti ni ndugu wa mama yetu. Ndivyo tunavyomwita mjomba, naye hutuita sisi vivyo hivyo, kwa hiyo mtu akitusikia kwa mbali tukizungumza hudhani kuna mtu mmoja anayejijibu mwenyewe. Ni mrefu, mwembamba, na ndevu zake huzipaka hina mpaka zina rangi ya chungwa lililoiva. Chini ya jicho la kushoto ana kovu lililopinda, alilolipata kisimani siku kamba ilipokatika na ndoo ikarudi na hasira zake. Alifiwa na mke zamani, watoto wake wametawanyika, na yeye huishi na ngamia wake nje ya mji. Garissa huingia kwa mazishi, kwa chumvi na kwa dawa. Siku ile hakuna aliyekuwa amekufa.

Tulimkuta amesimama juani, na nyuma yake ngamia jike mkubwa, mama wa kundi lake lote, akiutazama uchochoro wetu kama mtu aliyeonyeshwa chumba cha kupanga asichokipenda. Wanaume hawaingii studio ya dada yangu. Ni studio ya wanawake. Ndiyo maana mlango ni wa chuma na nyuma yake kuna pazia. Kwa hiyo tulizungumza nje. Abti alizungumza akimtazama ngamia, maana mambo ya namna hii huwezi kuyasema ukimtazama mpwa wako machoni.

"Kuna mama mmoja huko mji wa Takaba," alisema. "Mjane. Ana duka."

"Haye," dada akasema, yaani haya, endelea.

"Ndugu zake hawanijui. Wanataka kuniona kwenye picha kabla hawajanijibu."

"Na yeye mwenyewe?"

"Yeye aliniona siku moja tu." Akalainisha kamba ambayo haikuwa na tatizo. "Sijui kama anakumbuka."

"Na ngamia, abti?"

Akatushangaa sote wawili. "Picha ya mwanamume peke yake inasema nini? Uso kila mtu anao."

Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba hataomba mara mbili. Wakikataa atarudi kwa mifugo yake na habari hiyo haitazungumzwa tena. Alikuwa ameishika ile kamba kama mtu anayesubiri daktari amwite, na nikajua kuwa amelala na neno hili muda mrefu kuliko alivyotaka tujue.

Dada alimpiga picha pale pale uchochoroni, mbele ya ukuta wenye madumu ya maji na tangazo la shule ya chekechea lililochanika. Ngamia alikula nusu ya maua ya plastiki ya mabibi harusi kabla hatujagundua kuwa amefika kwenye kikapu. Bibi harusi wetu, aliyekuwa akichungulia kwenye ufa wa mlango, alicheka mpaka wanja wake ukachuruzika, na dada akamkaripia kwa sababu sasa angelazimika kuurudisha kwa kompyuta. Abti hakucheka. Alimgeuza ngamia mara mbili mpaka shingo yake ikaelekea kamera vizuri.

"Upande huu," alisema. "Huu ndio unaosomeka."

Dada yangu si mwongo. Ni mtu mwenye huruma, na huruma yake imepata kompyuta. Ndani ya programu yake ana brashi moja ndogo kama kitone cha wino, ambayo ukiipitisha juu ya chunusi, chunusi inakwenda zake, na ngozi ya jirani inahamia pale bila ugomvi. Hilo sina neno nalo. Chunusi ni mgeni wa wiki moja. Lakini akiondoa chunusi mkono wake haurudi nyumbani. Unaondoa weusi chini ya macho, unaondoa kidoti, unapunguza pua, unaangaza ngozi mpaka msichana aliyeingia na rangi ya kahawa anatoka na rangi ya chai iliyozidi maziwa. Siku akijisahau huziba hata mwanya wa meno, mwanya ambao mama yetu alikuwa akiwaombea mabinti zake. Uso huingia umetoka juani na hutoka kama umetoka kwenye friji.

Wateja wanampenda. Mabibi harusi wa mitaa ya Waberi na Galbet wametundikwa sebuleni kwa watu wote wakiwa na sura moja, tulivu, nyeupe, isiyotoka jasho. Kuna mama mkwe mmoja aliyekuja kuchukua picha ya mke wa mwanawe, akachukua ya mtu mwingine, akaitundika, akaionyesha kwa wageni, akaisifu. Aligundua baadaye sana, na hakugundua kwa uso. Aligundua kwa sababu dhahabu ya kwenye picha haikuwa dhahabu waliyotoa wao.

Nilimwambia dada kwamba hapo ndipo ajue amezidisha. Huo ulikuwa ugomvi wetu wa kila siku, mimi kwenye kona yangu chini ya feni na riwaya yangu isiyokwisha, yeye kwenye kiti chake.

"Mama mkwe aliridhika," alisema.

"Aliridhika na mke wa watu."

"Na wewe je? Yule shangazi uliyemwandika kwenye kitabu chako, kwa kweli alikuwa mwema hivyo?"

Nikarudi kwenye riwaya yangu.

Tena ana desturi nyingine: picha ya asili huifuta. Akishamaliza kusafisha, ile iliyotoka kwenye kamera haipo tena duniani. Anasema mtu aliyeona zote mbili hana raha na hata moja.

Picha ya abti aliishughulikia kwa mapenzi. Mimi nilikuwa nyumbani siku hiyo, na nilipokuja kuiona ilikuwa tayari iko kwenye kioo cha kompyuta, iking'aa. Kovu halikuwepo. Makunyanzi hayakuwepo. Ndevu za rangi ya chungwa zilikuwa nyeusi tititi, kwa sababu dada aliona rangi ile inagombana na rangi nyingine zote. Ukuta na madumu na tangazo la chekechea vilikuwa vimekwenda, na mahali pao palikuwa na mlima wa kijani kibichi, majani yanafika magotini, na maporomoko ya maji meupe yakimwagika nyuma ya kichwa cha ngamia. Nilitazama yale maporomoko, nikashindwa kuona kitu kingine chochote.

Kwa vile hatukuwa na mteja, abti aliruhusiwa kuingia. Akatoa miwani mfukoni, akainama.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, abti."

"Mimi." Akasogea karibu. Akagusa shavu lake mwenyewe chini ya jicho, pale penye kovu, kisha akatazama shavu la kwenye kioo. "Masha'Allah," akasema taratibu, kama mtu anayemsifu mtoto wa jirani.

Nimemjua abti maisha yangu yote. Hajawahi kuingia boma lolote asitazame ngamia kwanza na watu baadaye. Siku ile, kwa mara ya kwanza, alijitazama yeye kwanza, na alijitazama muda mrefu hivi kwamba hakufika kwa ngamia. Akasema picha ni nzuri. Dada akaituma Takaba kwa simu yake, kwa sababu simu ya abti ni ile ndogo ya vibonyezo, ya kupiga na kupokea tu.

Jibu lilikuja kwa sauti, kutoka kwa kaka mkubwa wa yule mjane. Abti alikuwa nje kwenye kiti cha plastiki, ambapo alikuwa akisubiri kila siku tangu picha iende. Tulitoka na simu tukaiweka kwa sauti ya juu. Mzee yule alitusalimu, akawasalimu wa nyumbani kwetu, akaulizia mifugo, akaulizia mvua, kisha akaingia kwenye neno.

"Picha tumeipata. Wazee wameiangalia, vijana wameivuta wakaiangalia kwa karibu. Tuna maswali. La kwanza, tuliambiwa mtu mzima. Huyu tunayemwona ni mtoto wake? Kama ni mtoto wake, tunaye msichana wa rika lake, tuzungumze. La pili, hizo nyasi ziko wapi? Sisi huku hatujaona mvua, na kama Garissa kuna mlima wenye majani namna hiyo, si vizuri Waislamu mkanyamaza." Akakohoa. Nyuma yake tulisikia watu wengi wakinong'ona, na mbuzi mmoja. "La tatu. Shingo ya ngamia haina kitu."

Abti akanyanyua kichwa.

Kwetu kila ukoo una chapa yake. Huchomwa kwa chuma cha moto shingoni mwa ngamia angali mdogo, na sikio nalo hukatwa pembeni kwa namna yake. Mtu akikuta ngamia amezurura mbali, husoma shingo kama unavyosoma bango la duka, akajua amrudishe kwa nani. Ngamia mzima asiye na chapa ni kitu cha kuogofya kidogo. Ama kaibwa na chapa yake imeharibiwa, ama kaazimwa na mwenye kumwazima hataki ijulikane.

Tuliingia ndani na dada, tukaivuta picha. Shingo ilikuwa laini kama shavu la bibi harusi. Sikio lilikuwa zima.

"Abaayo, dada yangu," nikamwambia, "umefuta chapa."

"Nilidhani ni kidonda." Alikuwa amejishika mdomo. "Kilikuwa na kingo mbaya."

"Na sikio?"

"Lilikuwa limechanika."

"Lilikatwa. Ni alama."

"Mimi nikiona kitu kimechanika nakiacha kimechanika?" akasema, na machozi yakamlengalenga, kwa sababu yeye ni mtoto wa mji kama mimi, lakini si mgeni. Chapa ya ukoo wa mama yetu angeweza kuichora kwa kidole mchangani akiwa amefumba macho. Jicho lake liliijua. Mkono wake ndio ulioona doa ukalifuata.

Mambo yakatuponyoka. Kijana mmoja wa Takaba, kwa nia njema, aliipeleka picha kwenye grupu ya simu ya mifugo iliyopotea, na chini yake akaandika kwamba ngamia huyu hana chapa, mwenye kumjua aseme. Walimjua wengi. Mtu wa Wajir alisema ni wake, alimpoteza wakati wa kiangazi, na amemtambua kwa macho. Mwingine alisema ni wake, na kwamba hata huyo kijana aliyesimama naye anafanana na watu wa kwao. Mwingine alimpigia dada yangu moja kwa moja, akaeleza kwa upole kuwa ngamia si wake, hadai kitu, anachoomba ni kuelekezwa kwenye nyasi.

Abti alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, simu yetu sikioni, akiwaeleza watu asiowajua kwamba ngamia wake ana chapa, ana chapa tangu akiwa ndama, alimchoma yeye mwenyewe.

"War, wewe bwana, mbona haionekani?" tulisikia mmoja akimuuliza.

"Imefutwa."

"Na nani?"

Abti alitutazama, akasema, "Na kompyuta."

Dada alituma sauti Takaba akaeleza kila kitu: brashi, ndevu, mlima. Akajitolea kupiga picha nyingine. Kaka yule akajibu kwa adabu, na kwa adabu hiyohiyo hakuamini neno hata moja. Chapa huwekwa kwa moto, alisema, mnyama akilia na wanaume wazima wamemkalia. Kama leo binti ameketi kwenye kiti Garissa na anaweza kuiondoa kwa kidole, basi na atwambie, ni mifugo ya nani iliyo salama? Na picha nyingine hawaitaki, maana mkono uliokwisha kuosha utaosha tena. Wao walikuwa tayari kukataa. Isipokuwa dada yao amesema atakuja Garissa kununua bidhaa za duka lake, na atajionea mwenyewe. Atakalosema yeye, ndilo hilo.

Dada yangu, ambaye kwa miaka yote alikuwa na jibu kwa kila nilichomwambia kuhusu kuzidisha, alizima kompyuta akabaki ameketi mbele ya kioo cheusi.

Asubuhi aliyotarajiwa mgeni, abti alikuja mapema. Nilifungua mlango nikamtazama mtu mwembamba mwenye ndevu nyeusi za kung'aa kama kiatu cha askari, uso umepakwa poda mpaka unanukia mtoto mchanga, na nikamwambia kuwa leo wanaume hawaingii.

"Abti," akasema, "ni mimi."

Alikuwa amekwenda kwa kinyozi wa Galbet akapakwa piko, ile rangi nyeusi. Poda aliinunua mwenyewe. Kovu lilikuwa chini yake kama njia iliyofunikwa na mchanga.

"Kwa nini, abti?" dada akauliza, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Picha imeshakwenda," abti akasema. "Mtu akija kumtafuta yule wa kwenye picha, amkute nani?"

Akaketi kwenye kiti chake, mgongo umenyooka, mikono magotini, akijitahidi asitoke jasho. Kwenye jua la Garissa, kabla ya adhuhuri.

Mgeni alipofika hakubisha. Alisukuma mlango akaingia, mama mfupi mpana ndani ya jilbabu iliyobadilika rangi kwa vumbi la barabara, akaketi kwenye kiti cha mabibi harusi na kuvua kiatu kimoja ili kumwaga mchanga. Tulimwita habaryar, kama tunavyowaita mama zetu wadogo, tukamletea maji na chai. Alikunywa maji yote kwanza.

"Ngamia nimeshamwona," alisema. "Nimeanzia Galbet, huko alikofungwa kwa jamaa zenu. Ngamia hana shida. Chapa iko, sikio lina pengo lake, na kope ni zake mwenyewe. Hiyo nitawaambia ndugu zangu. Wao walinituma kumwangalia ngamia." Akavaa kiatu. "Mimi nimekuja kumwangalia mtu. Nionyesheni picha kabla haijaoshwa."

Dada akamweleza kuwa haipo.

"Umeifuta."

"Ndiyo, habaryar."

"Kwa hiyo huyo mtu hayupo popote."

"Yupo. Yuko nje, kwenye kiti."

Yule mama akageuka kuutazama mlango uliofungwa. "Yule? Nimempita, hata salamu nimempa. Nilidhani ni mtu anayesubiri mkewe apigwe picha." Akatikisa kichwa. "Yule siye. Mimi ninayemkumbuka ana ndevu nyekundu na ana kovu hapa. Alinunua tochi dukani kwangu, akarudi jioni kusema ni mbovu. Nikaifungua, alikuwa ameweka betri kichwa chini. Nikaigeuza, ikawaka. Unajua aliniambia nini? Aliniambia bado ni mbovu, kwa sababu tochi nzuri haichagui upande wa betri. Tukabishana mpaka adhana. Nimekuja njia yote hii kwa ajili ya yule mbishi, hooyo, mwanangu. Sikuja kwa kijana mwenye poda."

Nilitazama chini ili nisicheke. Dada yangu hakutazama chini. Alinyanyua kamera, akatoka nje, na kwenye ufa wa mlango nilimwona akichukua birika la udhu na kumpa abti bila maelezo, kama mtu anayempa mtoto mchafu. Abti alinawa. Poda ilishuka kwa mistari mpaka kwenye ndevu, ikatulia huko. Dada akampiga picha moja akiwa bado anapepesa macho, akarudi ndani na kuiweka kamera mikononi mwa mgeni, picha haijaguswa.

Habaryar akaisogeza machoni, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Kovu ndilo," alisema. "Ndevu sizijui."

"Amepaka piko, habaryar. Kwa sababu yangu."

"Piko watu wengi wanapaka. Kovu watu wengi wanalo." Akanigeukia mimi. "Wewe, mwenye miguu mirefu. Nenda ukamuulize ile tochi ilikuwa na kasoro gani."

Nikatoka. Abti alikuwa akipangusa uso kwa ncha ya kikoi, macho mekundu kwa poda. Nilimpelekea swali kama lilivyo. Aliikunja ile ncha ya kikoi, na niliona kwamba alijua vizuri kabisa swali lile linatoka wapi, na anajua jibu gani lingekuwa la heshima kwa mtu anayeomba mke.

"Mwambie," alisema mwishowe, "ni mbovu mpaka leo."

Nilirudi nikasema hivyo. Habaryar akacheka. Alicheka kwa mabega na kwa jilbabu nzima, vumbi likamtoka, na dada yangu akacheka, nami nikacheka, na pale nje lazima abti alisikia wanawake watatu wakimcheka asijue ni kwa heri au kwa shari.

Habaryar alipomaliza kucheka alisema kwamba ndugu zake lazima wapelekewe picha, si vizuri wakabaki na ile ya mlima. Akavuta kiti akaketi ubavuni mwa dada, mbele ya kompyuta, na hapo nikaona kitu ambacho sijakiona tena: dada yangu akifanya kazi huku mtu amemshika kifundo cha mkono.

"Hili tone la maji puani," dada aliuliza. "Niondoe?"

"Ondoa. Maji si yake, ni ya birika."

"Poda iliyobaki sikioni?"

"Ondoa."

"Huyu nzi?"

"Nzi ni wa Garissa. Ondoa."

Kitone kikasogea chenyewe kuelekea chini ya jicho la kushoto. Habaryar akakaza kifundo. "Naa, binti, unakwenda wapi? Hilo nimelifuata mimi." Kitone kikarudi. Ukuta ukaachwa na madumu yake. Makunyanzi yakaachwa. Jasho walilijadili kidogo, wakaliacha nusu.

Mwisho dada akafika kwenye ndevu, akasita.

"Naweza kuzirudisha rangi yake," alisema. "Ile ya kweli, habaryar. Nyekundu kama zilivyokuwa. Hakuna atakayejua, na si uongo, ndiyo rangi yake."

Nilidhani hilo lingempita. Nilisimama nyuma yao nikitafuta tofauti ilipo na sikuipata upesi. Yule mama alizitazama zile ndevu nyeusi kwa muda, kidole kwenye kidevu.

"Hapana," akasema. "Hizo aliziharibu mwenyewe, azirudishe mwenyewe."

"Itachukua muda. Piko haitoki mpaka ziote nyingine."

"Na mimi nina duka, sina haraka. Watumie hivyohivyo, na mwambie kaka yangu nimemwona ngamia, nimemwona mtu, na neno ni ndiyo. Lakini harusi ni ndevu zikiwa nyekundu. Siolewi na mtu wa picha."

Dada akaituma. Kisha, kwa sababu hawezi kujizuia, akamuuliza kama naye angependa kupigwa picha, safi, kidogo tu, kwa kumbukumbu. Habaryar akasimama, akakung'uta jilbabu yake mpaka rangi ya asili ikaanza kuonekana, akaivuta mbele vizuri na kuchukua mfuko wake.

"Mimi nipo hapa," alisema. "Anitazame hivi hivi. Na msije mkasimama nyuma ya mlango kusikiliza. Mimi ni mwenye duka, nawasikia watu wakipumua."

Akatoka. Kwa muda mfupi mwanga mkali wa uchochoro uliingia, na ndani yake nikamwona abti akinyanyuka haraka kutoka kwenye kiti, ndevu zake nyeusi zimelowa, mkono juu ya kovu, asijue auache pale au aushushe. Kisha mlango wa chuma ukafungwa nyuma ya yule mama.